Buti Zisizonitosha

Wakubwa zangu, shikamooni. Waislamu asalaam aleikum, Wakristo amani iwe kwenu, na nyie vijana wa meza za viatu mliojazana huko nyuma, mambo. Mwenyekiti wetu kanipa kipaza sauti, lakini sauti yangu mnaijua. Nikimwita mteja pale Mchikichini ananisikia hata aliye ng'ambo ya barabara. Naomba nikiweke chini nizungumze.

Utaratibu wa kikundi chetu ni kwamba ukisimama hapa kutoa ushuhuda hutaji jina la mtu. Nitaufuata. Ila kuna mtu mmoja nitamsema sana leo, na nitamwita Mwenzangu, maana ndivyo alivyokuwa. Tuliingia jeshini siku moja. Tulinyolewa vipara kwenye benchi moja na vitanda vyetu vikawa vimepakana. Kwao wakimtumia korosho, nusu yangu. Kwetu wakinitumia karanga, nusu yake.

Ndugu zangu, nawaambia kitu ambacho watu hawapendi kukisema mbele za wenzao. Mimi nina wivu. Sisemi nilikuwa nao. Ninao, hata sasa hivi hapa niliposimama ninao. Wengine wana kisukari, mimi nina huu.

Kule kambini kwenye mbio nilikuwa namwacha. Kwenye shabaha tulikuwa tunalingana. Alichonizidi Mwenzangu ni kupendwa tu. Akiingia mahali watu wanasogea apate pa kukaa. Mpishi alimpakulia nyama bila kuombwa, mimi nikifika na sahani yangu naambiwa imebaki mchuzi. Mambo madogo, mnaweza mkacheka, na wewe cheka tu mama pale. Lakini nilikuwa nayahesabu. Kila kipande cha nyama nilikiona kinavyoelekea kwake.

Siku moja yakatoka majina ya askari wanaoenda nje ya nchi kulinda amani. La kwake limo. La kwangu halimo. Alikuja mbio akanikumbatia, akasema nikirudi tutafungua kitu, mimi na wewe. Nikasema hongera. Mdomo ulisema hongera, huku ndani nilikuwa na kijiba cha roho.

Sasa kwa nyie ambao hamjakaa kambini, kabla ya safari kama ile kuna ukaguzi wa vifaa. Unatandika kitandani kila ulichopewa na jeshi, na buti zinakaa chini, mbele ya kitanda, visigino vimelingana. Kikikosekana kitu, jina lako linakatwa na anaingia wa akiba. Na mimi sikuwa wa akiba. Naomba mlishike hilo. Angekatwa yeye, nisingeenda mimi. Nisingepata chochote. Nilitaka tu na yeye abaki.

Mchana wa ukaguzi Mwenzangu alienda kuoga na kandambili zake, buti akaziacha zinang'aa unajiona. Nikazichukua. Nikazitia kwenye tranka langu, sanduku letu lile la bati, chini ya blanketi. Askari hana mahali pengine pa kwake. Nilipanga gari likishaondoka nizirudishe chini ya kitanda, ionekane hakutazama vizuri.

Afande akaja. Akapita kitanda kwa kitanda mpaka akafika kwake. "Buti ziko wapi?" Mwenzangu amesimama wima, gwanda limepigwa pasi, miguuni kandambili. Alitukanwa pale mbele yetu sote, akaambiwa mtu asiyeweza kutunza buti zake hawezi kutunza roho za watu. Jina likakatwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Ilikuwa raha fupi sana, maana Afande alisema neno moja tu: "Fungueni matranka."

Mnajua hilo halikuwa limenijia akilini? Nilifikiria ukaguzi, nikafikiria gari, nikafikiria sura yake akibaki. Kwamba buti zikikosekana zitatafutwa, hapana. Mtu akiwa na wivu anaona kitu kimoja tu.

Zikatolewa chini ya blanketi langu. Mwenzangu alinitazama. Akarudishiwa buti, jina likarudi, akaenda zake kulinda amani. Mimi nikaenda mahabusu, kisha nikatolewa getini na mfuko wa rambo mkononi. Cheti changu kiliandikwa nimeachishwa jeshi kwa utovu wa nidhamu, wizi wa mali ya mwenzangu. Kumwibia aliyelala pembeni yako. Jeshini ukiitwa hivyo hakuna atakayekula na wewe.

Nikaja hapa Bongo kwa shangazi yangu. Alivyoniuliza, nikamwambia nimesingiziwa. Likawa ndilo jibu langu. Nilipooa, mama watoto naye nikampa hilo hilo. Cheti nikakifungia kwenye begi juu ya kabati, nikaanza kuchambua viatu vya mitumba, mpaka nikapata meza yangu. Maisha yakaenda.

Yangekwenda vizuri zaidi kama Mwenzangu asingerudi akafungua ofisi Mchafukoge, umbali wa kutembea kutoka kwenye meza yangu. Kampuni ya ulinzi. Alimaliza muda wake kwa heshima, akatoka na cheti kisafi, na walinzi wake ndio hao mnaowaona kwenye milango ya maduka Kariakoo nzima. Kila nikienda kufuata mzigo nawakuta. Wamenyooka, buti safi. Yeye akipita wanampigia saluti, muuza kahawa anamletea kikombe kabla hajaagiza. Kabla hajaagiza, ndugu zangu! Mimi kwa muuza kahawa huyo huyo nasubiri.

Nilikuwa nazunguka mitaa ili nisipite mlangoni kwake. Halafu nazunguka tena ili nipite nione kama ameongeza kitu. Nilijua gari lake lilipobadilishwa, nilijua kibao chake kilipopakwa rangi upya. Mke wangu alikuwa anadhani nina mwanamke Mchafukoge.

Kilichonifikisha pabaya ni uongozi wa soko. Walitaka msimamizi wa ulinzi wa mabanda yetu, na nyie wenyewe mlinitaja mimi, mkasema huyu si alikuwa mwanajeshi. Nikaombwa cheti. Nikasema kimepotea. Nikaambiwa basi kaombe kingine. Nilirudi nyumbani sili, mama watoto akaniuliza mpaka akachoka, mwisho akapanda kwenye stuli akashusha begi mwenyewe. Alisoma akiwa bado amesimama juu ya stuli.

Hakupiga kelele. Alishuka akasema, "Nimeishi na wewe miaka yote hii kumbe sikujui?" Nikaanza kumwambia nilisingiziwa. Akanikata. "Baba watoto, hilo la kusingiziwa nimelisikia. Niambie buti zilifikaje kwenye sanduku."

Nikamweleza. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Na ndiye aliyeenda kuulizia jeshini, akaambiwa mtu anaweza kuandika maombi shauri lake lipitiwe upya na cheti kirekebishwe. Nikaandika. Niliandika kurasa na kurasa, ujana, hasira za Afande, mpishi na nyama yake. Mama watoto akazisoma zote akasema, "Umeeleza kila kitu isipokuwa kwa nini ulifanya." Na kila askari mstaafu niliyemwomba anitolee ushahidi aliniuliza swali moja: mwenye buti anasemaje?

Nikaenda Mchafukoge. Hapo sasa ndipo mambo yalipogeuka, naomba mnisikilize vizuri.

Nilimkuta mezani kwake. Ukutani pametundikwa picha yake yuko nje huko na kofia ya buluu, anacheka na watoto wa watu. Nilivyoiona ile picha nilisahau nilichofuata. Nilikuwa nahesabu ni wangapi waliomzunguka.

"Karibu," akasema. "Nilikuwa nasubiri siku utakayoacha kupita ukaingia."

Kumbe alikuwa ananiona. Nikamwambia nimefuata barua.

"Barua ya nini?"

"Ya kusema mimi sio mwizi."

"Kwani wewe sio mwizi? Buti zangu zilitoka kwenye tranka lako."

"Buti zako namba saba," nikamwambia. "Mimi navaa kumi. Ningezifanyia nini? Na buti za jeshi ningemuuzia nani?"

Akanitazama miguu. Akasema, "Sasa ulizichukulia nini?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njia nzima. Likatoka moja ambalo sikulipanga. Nikamwambia, "Nilikuonea wivu. Na hapa nilipokaa nakuonea wivu. Hata hiyo picha."

Nilitegemea acheke au anifukuze. Mwenzangu akainuka akafunga mlango. Akaniambia kuna kitu sikijui. Akasema siku ile baada ya ukaguzi alienda chooni akalia, na hakulia kwa ajili ya safari, maana safari alisharudishiwa. Alilia kwa sababu zilipokosekana buti, mtu wa kwanza aliyetaka kumkimbilia amsaidie kuzitafuta alikuwa mimi.

Nilitazama chini. Akasema, "Umeniambia wivu. Hujaniambia samahani."

Nikamwambia samahani. Nililia pia, nisiwafiche, na mimi sio mtu wa kulia. Akaniacha nilie mpaka nimalize. Kisha akasema barua hataandika. Nikainuka niondoke. Akasema, "Siandiki kwa sababu nitakuja mwenyewe."

Akaja. Siku ya kusikilizwa nilivaa shati jeupe, yeye akaja na suti. Suti ya kijivu, imemkaa vizuri mno, hata pale roho iliniuma. Maafisa wakauliza aliyeibiwa yupo? Akasimama akasema, "Afande, mimi sikuibiwa, nilifichiwa. Zile buti ni namba saba. Mguu wake huo hapo." Afisa mmoja akainama kabisa kuchungulia chini ya meza, na huu mguu wangu mnaujua ulivyo, haujifichi.

Mwenzangu akaendelea. "Alinifanyia ubaya, na kuadhibiwa alistahili. Lakini mwizi anataka kitu chako. Huyu alitaka nibaki naye. Hilo neno mlilomwandikia sio lake."

Kisha wakanigeukia mimi. Sikusema habari za mpishi. Nilisema kwa nini, kama alivyonitaka mama watoto, na nikakaa.

Majibu yalichukua muda, lakini yalikuja. Neno wizi limeondolewa. Utovu wa nidhamu umebaki, na ubaki, ni wangu. Hiki hapa cheti kipya, mwenyekiti anakijua. Mahali pa mwenendo pameandikwa "wa kuridhisha". Nilimpelekea Mwenzangu siku hiyo hiyo, tukakaa nje kwenye kahawa. Nikamuuliza, chako kinasemaje hapo? Akawa hataki kusema. Nikamkazania. Akasema, "Mzuri sana."

Nikamwambia, "Nakuonea wivu."

Akasema, "Najua. Kunywa kahawa, inapoa."

Kazi ya usimamizi wa mabanda ilishapata mtu, kakaa pale karibu na dirisha, anaifanya vizuri, na yeye pia namwonea wivu kidogo. Kaka, leo nimekwambia, kwa hiyo tunza buti zako.

Namshukuru mama watoto, aliyeshusha begi. Namshukuru shangazi aliyenipokea bila kuamini uongo wangu, maana juzi kaniambia hakuwahi kuuamini. Nawashukuru nyie mliosikia habari za cheti mkaendelea kuweka vitu vyenu mezani kwangu mkienda kuswali na mkienda kula. Hamjui nilivyokuwa nawatazama mkiondoka.

Na kama kuna mtu humu ananuna jirani yake anapouza, mimi sitakwambia uache. Sijui kuacha kunafanyikaje. Nakwambia ukamwambie. Nenda na aibu yako ukamwambie, nakuonea wivu. Mimi ningelisema neno hilo kitandani kwangu siku majina yalipotoka, Mwenzangu angenicheka, angenigawia korosho, na leo tungekuwa wastaafu wawili. Nililificha, nikaishia kwenye tranka.

Yeye yuko humu. Msigeuke, nimesema sitaji jina. Msigeuke jamani! Haya, mmeshageuka. Basi mkishamaliza kumtazama usoni mtazameni miguuni. Hivyo viatu nilimchagulia mimi mwenyewe wiki hii, bando la mitumba lilipofunguliwa. Ngozi halisi, soli haijaguswa, vizuri kuliko chochote nilichowahi kuvaa mimi. Nilivifuta vumbi, nikavishika mkononi muda mrefu kuliko inavyotakiwa, kisha nikampa.

Ni namba saba. Namshukuru Mungu, ndugu zangu, havinitoshi.