Nyumba Isiyonuka Kitu: Wasifu wa Marehemu Ruthi Nakijwa Kisaka (1971–2024)

Aliyelala mbele yetu leo, Jumapili tarehe 16 Juni 2024, hapa Myamba, ni Ruthi Nakijwa, binti wa marehemu Mzee Hezroni Mchome na marehemu Mama Naetwe, mjane wa marehemu Filemoni Kisaka. Alizaliwa Suji tarehe 3 Machi 1971, asubuhi ya mvua, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho. Kaka yake mkubwa, Eliezeri, mwalimu mstaafu anayesoma wasifu huu, alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyetumwa kuita jirani.

Alisoma shule ya msingi huko Suji kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Siku hizo kanisa letu liliangazwa kwa taa za mafuta, na kila Ijumaa mchana watoto walipangiwa zamu ya kusafisha chimni za taa hizo. Wengine walizifuta kwa maji na sabuni, zikabaki na ukungu. Ruthi alichota majivu baridi jikoni kwa mama yake, akayachekecha kwa kitambaa, akasugua vioo vikiwa vikavu. Mwalimu wa zamu alipoziona aliuliza ni nani aliyenunua chimni mpya bila ruhusa ya wazee wa kanisa. Ruthi aliogopa, akakiri kosa ambalo hakulifanya. Jambo hilo lilisimuliwa nyumbani kwetu kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe alilicheka kuliko wote. Baada ya darasa la saba alisoma maarifa ya nyumbani kwa miaka miwili katika shule ya misheni.

Tarehe 18 Septemba 1993 alifunga ndoa na Filemoni, kijana wa Myamba aliyekuwa fundi wa mashine za kuchambua katani katika shamba moja la mkonge huko tambarare. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hellen mwaka 1995 na Jackson mwaka 1997. Filemoni alikuwa mtu wa maneno machache. Alifariki kwa kiharusi mwaka 2017, na kaburi lake ndilo hilo mnaloliona hapo kando.

Mwaka 1999, Jackson alipoachishwa ziwa, Ruthi alipata kazi ya usafi katika hoteli moja mjini Moshi, akawa anarudi Myamba kila mwisho wa mwezi. Huko alikabidhiwa madumu ya dawa kali bila kitambaa cha kufunika pua. Alimwambia msimamizi wake kwamba macho yanamuwasha na kifua kinabana. Msimamizi alimjibu, "Ongeza dawa, mama. Harufu ndiyo inayomwambia mgeni kwamba pamesafishwa." Aliongeza, kwa kuwa alikuwa na watoto wawili nyumbani. Mwaka 2008 alianguka ngazini akiwa amebeba ndoo. Daktari alisema mapafu yake yamechomwa kidogo kidogo kwa miaka tisa na hayatarudi yalivyokuwa.

Alirudi wilayani kwetu Same akiwa na dawa ya kuvuta ya pumu na wazo moja. Mwaka 2010 alianza kazi ya kusafisha nyumba za watu mjini, kwa vitu ambavyo mama yake alivitumia hapa milimani: majivu yaliyochekechwa mara mbili, malimau, magadi, maji ya moto, na siki aliyoitengeneza mwenyewe kwa ndizi mbivu. Brashi alizitengeneza Filemoni kwa nyuzi za katani. Wako waliomwita Mama Majivu, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Mteja wake wa kwanza, ofisa aliyehamia kutoka mbali, alimuuliza kama ameitwa kusafisha nyumba au kuichafua. Ruthi aliomba apewe chumba kimoja tu, akasema kwamba kikimchukiza mwenye nyumba, ataondoka na majivu yake. Ofisa huyo alikuwa mteja wake hadi alipostaafu.

Mji wa Same hauna maji ya kuchezea, nanyi wenyeji mnajua. Ruthi alipanga ndoo moja kwa kila chumba, na maji machafu hayakumwagwa mtaroni, bali kwenye miti ya mwenye nyumba. Miti haikufa. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi ile fupi aliyobakiwa nayo. Aliwafundisha wanawake aliowaajiri kwamba nyumba iliyosafishwa vizuri hainuki kitu. Kama kuna harufu, hata iwe nzuri, kuna kitu kimeachwa ndani. Walifika kuwa wanawake sita.

Wa kwanza kati yao alikuwa Fadhila binti Salehe, wa hapo Same mjini, aliyeachwa na mume akiwa na mimba. Ruthi alimchukua mwaka 2013. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja, na mwezi wa Ramadhani Ruthi alihakikisha Fadhila amemaliza kazi mapema awahi kufuturu nyumbani.

Alhamisi tarehe 9 Mei mwaka huu walikuwa wakisafisha nyumba ya wageni iliyo karibu na barabara kuu. Mtunzaji wa nyumba hiyo alimpa Fadhila chupa ya dawa ya klorini, akisema tajiri wake anataka vyoo vinukie, la sivyo atatafuta watu wengine. Fadhila alihofia kazi ya wenzake watano. Alikuwa amekwisha kumwaga siki kwenye sakafu ya choo, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya vumbi la malori. Akamimina dawa juu ya siki. Hakujua kwamba vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa inayoua. Kwa miaka yote hiyo siki ilikuwa kwake kama maji.

Ruthi alisikia kikohozi akiwa ukumbini. Yeye aliijua harufu ile tangu hotelini Moshi. Aliingia, akamvuta Fadhila kwa kanga yake hadi nje, kisha akarudi ndani kufungua dirisha na kumwaga maji, kwa sababu vyumba vya jirani vilikuwa na wageni waliolala. Fadhila alipona baada ya siku tatu. Ruthi hakupona. Alitibiwa Same, kisha akahamishiwa hospitali ya rufaa, na kwa wiki tano hakuweza kulala chali.

Kuna jambo hapa ambalo lingeweza kuachwa, lakini wasifu huu usingekuwa wa kweli. Fadhila alifika hospitali mara nne na chupa ya uji, na mara nne alizuiliwa langoni. Aliyemzuia ni kaka wa marehemu. Kila mara yule mama alipiga goti na kusema, "Shikamoo, baba." Kaka wa marehemu hakuitikia. Katika nchi yetu hii, mtu mzima kuinyima shikamoo jibu lake ni kumwambia aliyeitoa kwamba hayupo.

Jumatatu tarehe 10 Juni, Ruthi alimuuliza kaka yake, "Fadhila yuko wapi?"

Aliambiwa kwamba atakuja.

"Umemzuia."

Ruthi alivuta hewa kutoka kwenye mpira wa oksijeni, akapumzika, akavuta tena.

"Kaka, kosa ni langu. Nilimfundisha tusichotumia. Sikumfundisha kwa nini. Nilidhani nikiifukuza ile dawa kazini kwangu, sitahitaji kuitaja." Akapumzika kwa muda mrefu. "Utakaposoma, mtaje pamoja na wanangu."

"Tutaona, Nakijwa."

"Usiseme tutaona. Msomaji ni wewe."

Hakuahidiwa. Jumatano tarehe 12 Juni 2024, saa tisa alasiri, Ruthi Nakijwa alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Hellen alikuwa amemshika mkono.

Wasifu wa kwanza uliandikwa Alhamisi, na jina la Fadhila halikuwamo. Juzi Ijumaa, jeneza likiwa bado halijafika, kaka wa marehemu alikuta ndoo ukutani hapa nje, na brashi kuukuu ya katani iliyotengenezwa na Filemoni. Fadhila alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri. Hellen ndiye aliyemfungulia. Mjomba wake alipomuuliza kwa nini, alijibu kwa adabu, "Mjomba, chumba cha mama angekisafisha nani mwingine?"

Mzee aliingia katika chumba hicho. Sakafu ilikuwa kavu, na vioo vya dirisha vilikuwa kama chimni za Suji. Alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi. Hakukuwa na harufu yoyote. Fadhila alikuwa amepiga magoti pembeni, kitambaa mkononi. Alisalimu kama alivyosalimu mara nne langoni. Kaka wa marehemu alisema, "Marahaba, mwanangu," na ni jibu lililochelewa mwezi mzima. Ruthi hakulisikia. Nakala za kwanza zilichomwa jikoni jioni ile ile, kabla jua halijazama na Sabato haijaingia, na majivu yake yakachekechwa pamoja na mengine.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Eliezeri. Watoto watatu, ambao ni Hellen, Jackson na Fadhila. Wajukuu wanne, akiwemo Tausi, binti wa Fadhila. Na wanawake watano wanaoiendeleza kazi yake mjini Same, ambao sasa Hellen anawafundisha kile ambacho mama yake hakukitaja.

Bwana aliyempa pumzi ya kwanza ameichukua iliyobaki. Alale sasa kando ya Filemoni, chali, kama alivyotamani kulala, na kifua chake kisibanwe tena na kitu.