Bampa za Fundi Laini

Ndugu waombolezaji, kama yupo asiyeamini nitakayosoma, atoke nje sasa hivi akapapase bampa ya gari lililomleta marehemu, akikuta kipele hata kimoja arudi aninyang'anye kipaza sauti, maana bampa ile ilitoka kiwandani inakwaruza kama ulimi wa paka, na aliyeilainisha miaka tisa iliyopita, rangi yake isibanduke hadi leo, ndiye aliyelala mbele yetu.

Familia imenichagua mimi mpwa wake, niliyeacha shule kidato cha pili, si kwa kuwa nasoma vizuri, ila kwa kuwa nina sauti, na mama yangu anasema sauti ndiyo mali pekee niliyojaliwa.

Marehemu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Fundi Laini, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, kitinda mimba wa mwashi na mshona nguo, akasoma hadi darasa la saba, na huko shuleni alichapwa mara nyingi kwa kusugua dawati lake kwa kipande cha tofali, mpaka daftari zikawa zinateleza zenyewe hadi chini.

Mwaka 1979 aliingia gereji kunyoosha mabati, na magari yalipoanza kuja na bampa za plastiki yenye vipele, mafundi wakasema hiyo haipakwi rangi ikawa laini, yeye akang'ang'ana nayo. Aliiogesha kwanza, kwa maji ya moto na sabuni, akaifuta kwa tina, ile dawa ya kukata mafuta, na kitambaa kisafi, ndipo akashika msasa, kwa kuwa plastiki ikibaki na mafuta msasa huyasukuma ndani, na rangi utakayopaka juu yake inakuwa mgeni tu, siku yoyote inaaga. Alisugua vipele vikaisha, akapuliza praima, rangi ya kwanza ya kushikia, akasugua tena kwa maji, kisha akapapasa kwa kiganja cha kushoto akiwa amefumba macho, kwani alidai macho yanadanganya.

Tarehe 2 Desemba 1989 alifunga ndoa na mpishi wa shule, ambaye mpaka leo analalamika kwamba siku ile bwana harusi alipapasa gari la maharusi zaidi kuliko alivyomshika mkono yeye, wakajaliwa mabinti wawili, muuguzi na fundi umeme, na baadaye nikaongezeka mimi na mdomo wangu, nikijifunza kazi chini yake gerejini.

Machi mwaka juzi, bampa ya gari la mwalimu mmoja ilimwagiwa maji ya presha siku ya kukabidhiwa, rangi ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha, gereji nzima ikitazama, bosi akauliza nani kaiandaa, na marehemu akajibu, "Mkono wangu huo." Ikasemwa uzee umemfika, akapokonywa bunduki ya kupulizia rangi, nikapewa mimi, yeye akawekwa getini.

Januari mwaka huu alianza kuugua figo, akalazwa, na Jumanne iliyopita alfajiri akafariki, mkewe akiwa amemshika kiganja kile cha kushoto. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wenzetu wa gereji mliofunga kazi leo.

Karatasi inaishia hapa, na nilipoiandika nilikusudia na mimi niishie hapa.

Bampa ya mwalimu niliiandaa mimi. Mjomba alikwenda kununua msasa, akaniachia niioshe, nikaona sabuni ni mambo ya kizee, nikaifuta kwa kitambaa cha kung'arishia dashibodi, kimelowa mafuta, nikasugua, na aliporudi nikamwambia nimeosha. Akafumba macho, akapapasa, ikawa laini, maana mafuta yakishaingia ndani hayapapasiki. Siku ilipobabuka aliokota gamba la rangi, akalinusa, akanitazama, ndipo akasema yale maneno, na mimi mwenye sauti nikanyamaza, nikapokea bunduki yake, na kila asubuhi akinifungulia geti alikuwa ananitania, "Pita, fundi," nami nikawa napita.

Bosi, upo hapo mstari wa pili, mwalimu na wewe upo, mkono wa marehemu haukuzeeka, uliomzeesha ni huu wangu ulioshika karatasi.

Pita, fundi, leo geti nimelishika mimi, ukapumzike kwa amani.