Hereni Zilizorudi kutoka Ottawa

Mwadila, bamayu, nawasalimu kina mama. Mwadila na ninyi kina baba mliobanana kule mlangoni. Mwenyekiti amesema leo ni zamu ya ushuhuda, na mimi tangu nijiunge na kikundi hiki cha kuweka na kukopa nimekuwa nikisikiliza ya wenzangu, yangu nikiyameza. Leo nayatoa, tena nasema kweli, ni kwa sababu ya yule mbuzi. Mnamsikia? Analia pale nje tangu tulipoanza kuweka hisa. Nimeambiwa ni wa mgeni wa kesho, yule afisa anayekuja kuamua kama bomba la maji litawekwa mtaani kwetu au mtaa wa jirani. Ni mbuzi mzuri, sina ugomvi naye. Ila naomba mnisikilize kwanza, halafu mtaamua wenyewe.

Wengi mnanijua kama Mama Kabula wa kioski cha maji. Msichojua ni kwamba nilifika huku Shinyanga nikikikimbia kijiji changu. Kwetu ni Geita, upande wa migodi. Tulikuwa na lambo, bwawa letu la watu na mifugo. Ndugu zangu, nikilitaja tu naliona. Asubuhi ukungu ulikuwa unalala juu ya maji, na ng'ombe wakiingia kunywa ulikuwa unaona migongo tu, miguu huioni, wanaelea taratibu na yangeyange weupe juu yao. Mama yangu alinifundisha pale kuchota bila kutibua tope. Kabula wangu alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake, na maji yake ya kwanza ya kuoga yalitoka kwenye lambo lile.

Ikaja kampuni ya Canada kuchimba dhahabu. Jina silitaji, halitusaidii kitu. Wakapima, wakazungushia uzio, na lambo likabaki ndani. Hawakulifukia wala hawakulichafua. Lilikuwa palepale, tunaliona kupitia waya, ukungu wake na ndege wake, na hatulifikii. Wanawake wakaanza kutembea mpaka mto wa mbali, ng'ombe wakaanza kukonda. Tulichotaka kilikuwa kidogo: geti moja kwenye uzio, tupite na ndoo zetu na mifugo yetu.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya lambo. Tulizunguka ofisi zote mnazozijua, kila mahali tunaambiwa subirini. Mwisho likaja shirika moja kutoka hukohuko Canada, linalowasemea watu wanaoishi kando ya migodi. Aliyekuja alikuwa dada mmoja aliyewahi kufundisha Mwanza miaka mingi, Kiswahili anakijua, hata kutania anajua. Akasema anaweza kunipeleka kwao nikazungumze na mbunge anayefuatilia kampuni zao zinazochimba nje.

Nikamuuliza, "Kazi yako hasa ni nini?"

"Ushawishi," akasema. "Nalipwa kwenda kuongea na wakubwa wa serikali. Ila siendi kwa kujificha. Nimeandikisha jina langu, na shirika linaandika linasema nini, kwa ajili ya nani. Kila mwezi tunaeleza tumeonana na mkubwa gani na kwa jambo gani. Yote yako mtandaoni, hata wewe ukitaka unasoma."

"Na hao wa kampuni wakienda kwa mbunge?"

"Nao hivyohivyo."

Jamani, nilicheka. Sikuamini kama kuna nchi ambayo mtu akienda kunong'ona na mkubwa, mnong'ono wenyewe unaandikwa.

Kijiji kikanisindikiza. Wakanipa matobolwa mfuko mzima, viazi vitamu vyetu vya kukaushwa, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Na masikioni nilivaa hereni za marehemu mama, dhahabu ya kwetu, alizinunua mwaka aliopata pamba nyingi. Hizi hapa, mnaziona.

Huko Ottawa sijui niwaelezeje. Nilikuwa macho lakini nahisi naota. Theluji ilikuwa inashuka bila sauti, na kila kitu kimefunikwa, paa, miti, magari. Nikakumbuka lori la pamba lililopinduka nikiwa mdogo barabara ya kwenda ginari, tulivyokimbia pembeni kuishika kwa mikono. Nilitembea nikiwa naogopa hata kukanyaga. Watu wanapita, midomo yao inatoa moshi, na mimi katikati yao na kanga kichwani, nimebeba lambo la watu kifuani.

Hotelini yule dada aliuona mfuko. Akakaa kitandani, akanishika mkono. "Mama Kabula, naomba unielewe. Zawadi hapana. Kikombe cha kahawa sawa, kitu kidogo cha heshima sawa. Ila mtu anayeenda kuomba jambo hampi mkubwa kitu cha thamani. Kanuni zetu zinakataza, na nikivunja, naumia mimi na linaumia lambo lenu."

Nikaona ni watu wa ajabu, lakini nikakubali. Mfuko niliuacha hotelini, ili nisijaribiwe kabisa.

Mbunge alikuwa mama mtu mzima, nywele nyeupe, sauti ya upole. Nilimweleza yote, dada anatafsiri. Nilipofika kwenye ukungu na migongo ya ng'ombe, yule mama aliacha kuandika akanitazama. Akauliza, "Unataka nikufanyie nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, swali lile lilinimaliza nguvu. Mtu mkubwa namna ile ananiuliza mimi nataka nini! Nikaona siwezi kutamka ombi langu hivihivi, mikono inaning'inia. Nikavua hereni, moja, na ya pili, nikaziweka kwenye kiganja chake nikamfumba vidole. Mtasema nilikuwa nimekatazwa. Ndiyo. Lakini kichwani mwangu zawadi ni kitu ulichobeba, na hereni sikuzibeba, nilizivaa. Niliona ninampa neno langu tu, ajue sitanii.

Kijana wa ofisini akasimama. Mbunge akafungua kiganja, akanirudishia hereni polepole, macho yake yana huruma, na huruma ile ikaniuma kuliko ukali. Akasema kikao kimekwisha. Ombi la geti sikulitamka. Nje, kwenye theluji, dada hakunikaripia. Alisema tu, "Tulikuja pamoja, Mama Kabula. Mkono wako ni mkono wangu. Lazima nikajieleze kwa Kamishna anayesimamia kanuni zetu, na mpaka hapo siwezi kumrudia yule mbunge kwa habari ya lambo."

Nikarudi nyumbani. Kijiji kizima kimekusanyika, wanauliza, "Wamesemaje?" Niliwaeleza kama ilivyokuwa. Wengine waliguna. Mzee mmoja akasema, "Amekataa dhahabu ya mama yako? Basi huyo ametukataa sisi." Wengine wakasema nimekwenda kutalii. Wakaniondoa kwenye kamati, na siwalaumu, ng'ombe walikuwa wanakufa. Kilichonitoa kijijini si maneno yao. Ni kwamba kila nikipita karibu na uzio, nililiona lambo limetulia mle ndani, na niliona aibu mbele ya maji.

Nikaja hapa Kolandoto kwa mdogo wangu. Nikalala. Mchana kutwa nalala. Naota lambo limenifuata, limetanda mpaka kizingiti cha mlango, nikiinama kuchota linarudi nyuma. Simu niliizima nikaitumbukiza kwenye debe la mchele. Kula sikutaka, kuongea sikutaka. Baadhi yenu mnakumbuka, maana mlikuja. Kuna mmoja hapa alikuwa analeta uji, ananiambia, "Hata kama hunywi, ushike tu upate joto." Kuna mwingine alikuja kukaa, anachambua mchicha wake pembeni yangu mpaka jua linazama. Mdogo wangu naye alichoka kunibembeleza, akanitafutia kazi ya kioski bila kuniuliza. "Utafungua koki na kufunga," akasema. "Kuongea si lazima."

Basi nikawa nafungua na kufunga. Kiangazi kile maji yalikuwa yanatoka kidogo, foleni ndefu mpaka kwenye kona. Siku moja mama mmoja akanipitia na bakuli la matobolwa. "Nimesikia wewe ni wa Geita," akasema, "nikajua umeyakumbuka." Hakuomba chochote. Nilikula nikalia, yalikuwa matamu, ladha ya nyumbani.

Kesho yake akaja kuchota. Akasimama mwisho wa foleni kama wengine, nathibitisha mbele zenu, hakunikonyeza wala hakuniita. Ni mkono wangu wenyewe uliotoka. Nikachukua ndoo yake, nikaiweka mbele chini ya koki. Aliyekuwa wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye kidumu. Alikivuta tu kidumu chake nyuma kidogo, kupisha.

Hapo ndipo nilipoamka, ndugu zangu. Ndiyo, nilikuwa macho, lakini niliamka. Nilimtazama yule bibi nikajiona mimi kwenye uzio. Yeye hakuwa na matobolwa. Na nikamwona yule mbunge mwenye nywele nyeupe, kiganja wazi, hereni za mama yangu zinang'aa ndani, na nyuma yake foleni nisiyoiona, ya watu wenye malambo yao na wasio na hereni. Kama angezichukua, kesho kampuni ingempelekea mkufu, na mimi mkufu ningeutoa wapi? Hakutukataa. Alikataa kutusogeza mbele ya foleni kwa nguvu ya hereni.

Nikaitoa ndoo. Nikamwomba yule mama msamaha, akacheka, akasema hata yeye alishangaa. Nikamrudisha bibi mbele. Halafu nikaenda nyumbani, nikaitoa simu kwenye mchele, nikaiwasha.

Dada wa Canada alipokea akapiga kelele. "Nimekutafuta sana!" Kamishna alishamsikiliza. Kwa kuwa hereni zilirudishwa palepale na yeye mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa, alimwonya, basi. Kwa yule mbunge hatutarudi kwa sasa. Lakini taarifa za shirika zilikuwa mtandaoni, na mbunge mwingine alisoma pale kuhusu maji na uzio Geita, akauliza, "Lambo gani hili?" Alitaka kunisikia, kwa simu ya picha.

Tulikwenda mjini, kwenye duka la intaneti, mdogo wangu kanisindikiza. Hereni nilivaa. Nikasimulia tena, ukungu, migongo, uzio. Likaja swali lilelile: "Unataka tufanye nini?" Na mikono hii, jamani, ikaanza kupanda yenyewe kuelekea masikioni! Nikaikalia. Nimeketi juu ya mikono yangu miwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni, nikasema, "Nataka geti. Geti moja, watu na ng'ombe wapite asubuhi na jioni." Basi. Sikuongeza kitu. Nilihisi niko uchi, na hapohapo nilihisi mwepesi.

Geti lipo leo. Sitasema ni mimi, maana kampuni iliulizwa maswali na wengi, na watu wetu wa hapa nchini nao walisema. Linafunguliwa asubuhi na jioni, mlinzi akichelewa watu wanagombana naye kama kawaida. Uzio bado upo. Lakini nilikwenda mwezi uliopita, nikaingia na ng'ombe, ukungu ukanifika magotini, na nikachota bila kutibua tope. Kamati waliniita nirudi. Nimewaambia nitakuja kuwatembelea, kwangu sasa ni hapa.

Namshukuru mdogo wangu. Namshukuru dada yule aliyejishtaki kwa kosa la mkono wangu. Namshukuru wa uji na wa mchicha, mnajijua, wabeja sana. Namshukuru na bibi wa kidumu, popote alipo, ambaye hakunitukana.

Sasa huyu mbuzi. Mwenyekiti wangu, najua umemleta kwa moyo safi, kama mimi nilivyovua hereni. Lakini kule mtaa wa jirani kuna watu wasio na mbuzi, na kiangazi chao ni hikihiki. Kesho afisa akija tumpe kiti kizuri, tumpe maji ya kunywa kama mgeni yeyote, tumwonyeshe foleni yetu, tuseme neno letu. Akishaamua na kuondoka, iwe kwetu au kwao, tutamchinja mbuzi tumle wenyewe, na wa mtaa wa jirani tuwaite.

Naona mwenyekiti umesimama. Usikae, mama. Toka ukamfungue, arudi zizini mpaka afisa aondoke. Na kesho mkiona mikono inawawasha, fanyeni nilivyofanya: ikalieni.