Maduhu na Mpini wa Winchi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Maduhu Sostenes. Alizikwa Jumamosi, Kagongwa. Malaria imemwondoa akiwa na miaka hamsini na mbili. Maduhu alikuwa mtu wa winchi. Alishusha na kupandisha wachimbaji kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, huko Geita.

Na alikuwa na hasira mbaya. Tusimpambe.

Mkewe, Ritha, aliuza chakula hapohapo machimboni. Aliijua hasira ile. Maduhu akifoka, Ritha aliendelea kupakua wali. Akihema, aliwasogeza watoto. Akinyamaza, alikimbia.

Siku moja mdogo wake Maduhu, Boaz, akiwa ameshaning'inia kambani, alimtania: "Nishushe taratibu, kaka, wewe unayelishwa na mkeo!" Watu wakacheka. Maduhu akazungusha mpini. Kimya.

Ritha akakiona kimya kile. Mwiko ukamdondoka. Duara lina kina cha mita arobaini. Mpini ukiachiwa, hakuna wa kuudaka. Safari hii hakukimbia, alimsogelea.

"Baba Violeth," alimwita mumewe, "hasira iko wapi?"

Maduhu hakumtazama. "Iko mikononi. Mwite Abel. Haraka!"

Abel, mwenzake wa kazi, akaushika mpini. Maduhu akaenda kukaa mbali. Boaz alifika chini anaimba, hajui lolote.

Tangu hapo likawa sharti la duara lile. Kabla ya kushika mpini unaulizwa: hasira iko wapi? Ikiwa mdomoni, fanya kazi. Ikiwa kifuani, mtu asimame nawe. Ikiwa mikononi, mpishe mwenzako. Wengine walitania: "Yangu iko tumboni, Mama Violeth, lete ugali!" Lakini waliuliza. Miaka kumi na moja, hakuna aliyeanguka.

Jumamosi, makaburini, Boaz alishika kamba ya kushushia jeneza. Asubuhi alikuwa amemfokea Ritha mbele ya waombolezaji: "Ulichelewa kumpeleka hospitali, shemeji! Umeniulia kaka!" Sasa hakufoka. Alikuwa kimya, anamtazama. Ritha alikijua kimya hicho.

"Shemeji," alisema, "hasira iko wapi?"

Boaz akaitazama mikono yake.

"Mikononi, shemeji."

Akampa Abel kamba. Akaenda kukaa mbali, kama kaka yake.

Pole, Mama Violeth. Pole, Boaz. Poleni watoto na ndugu wote wa Kagongwa.

Nawe unayetusikia, umeshika nini sasa hivi? Usukani? Panga? Mkono wa mtoto? Jiulize hasira iko wapi. Ikiwa mikononi, achia.