Selestina Nimpaye na Mkono wa Sweta Uliosubiri Kupimwa

Jana mchana nilishuka Nyakahura, mahali nisipopafahamu, nikamwomba mwendesha pikipiki anipeleke Nyarubungo kwenye msiba wa mama Selestina. Kijana huyo aliitwa Elick.

"Shikamoo mzee. Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Marahaba. Mimi ni mdogo wake."

"Yule wa safari?" akasema, akawasha pikipiki.

Njiani tulipishana na watoto wanaochunga mbuzi. Masweta yao yalikuwa na mikono ya rangi tatu, nne, zilizofuatana kama pete kuelekea kwenye kiganja. Elick akapunguza mwendo. "Kila Januari mzazi alimpeleka mtoto kwa mama Selestina, naye akaongeza kipande cha mkono. Ukihesabu rangi unajua mtoto amelivaa miaka mingapi." Hivyo kabla sijaiona nyumba ya dada yangu, nilikuwa nimeiona kazi yake barabarani.

Mimi ni Privatus Niyibizi, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya marehemu.

Marehemu Selestina Nimpaye alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Muyinga, Burundi, mtoto wa kwanza wa mzee Matiasi na mama Auleria. Mwezi Mei 1973 alivuka mpaka kuingia Ngara pamoja na mama yetu. Mama alibeba sufuria na mbegu za maharage. Marehemu, aliyekuwa na miaka kumi na moja, alimbeba mgongoni mdogo wake wa miezi minane. Mtoto huyo ndiye anayewasomea hapa. Baba hakufika.

Alianza shule ya msingi Rulenge mwaka 1974, mkubwa kuliko wenzake darasani na bila neno la Kiswahili, akamaliza 1980. Hapo misheni masista walimfundisha kufuma. Sindano zake za kwanza zilikuwa spoku mbili za baiskeli alizozisugua kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Baadaye alisali kwa Kiswahili na kuwatania mashemeji zake kwa Kisukuma, lakini vitanzi vya sweta alivihesabu kwa Kirundi maisha yake yote.

Kufuma ndiyo ilikuwa kazi yake, pamoja na shamba. Ila aliyemjua anajua kwamba kufuma kulikuwa nusu tu ya furaha yake. Nusu nyingine ilikuwa kununua uzi. Uzi mpya ulikuwa haba, kwa hiyo siku ya mnada Nyakahura alikwenda moja kwa moja kwenye mitumba, akayageuza masweta ndani nje na kuchunguza ubavuni. Lililokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine alilirudisha, maana ukilifumua unapata vipande vifupi. Lililofumwa mpaka ukingoni hutoa uzi mmoja mrefu.

"Mama, hilo ni la mtoto, halikuenei," muuzaji mgeni alimwambia.

"Nani amesema navaa? Nanunua uzi. Wewe umeniwekea tu umbo la sweta."

Nyumbani alilifumua, akaufua uzi, akauning'iniza na jiwe ili unyooke. Uzi ulizidi sanduku, ukazidi uvungu wa kitanda, akaanza kuuficha kwenye kihenge cha mahindi. Siku moja shemeji yangu alichota mahindi ya kusaga akatoa madonge manne ya uzi wa manjano. Hakugomba. Aliyapeleka uani kwa wageni akasema, "Wenzangu wanafuga ng'ombe. Mke wangu anafuga nyuzi, na zinazaa kuliko ng'ombe wangu."

Huyo ndiye Kazimili Mashimba, aliyekuja na mifugo kutoka Shinyanga. Mwaka 1984 alinunua kwa marehemu sweta la kuchungia asubuhi. Wiki iliyofuata akarudi: shingo inabana. Akalegezewa. Akarudi tena: bado inabana. Mara ya tatu marehemu aliweka sindano chini. "Kazimili, shingo yako haijanenepa. Sema kilichokuleta." Walifunga ndoa katika kanisa la Rulenge tarehe 19 Oktoba 1985 na wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1993 walihamia hapa Nyarubungo.

Mimi nilikuwa nimeondoka miaka miwili kabla. Nilimwona tena Rulenge mwaka 2007 tulipomzika mama, siku mbili tu, kisha nikaondoka. Nimelala katika miji mingi na kujifunza lugha za watu wengi, na nyumba hii sikuwahi kuingia.

Mwaka 2019 alinipigia simu kwamba amepata uzi wa kijani kibichi, mwingi, wa rangi moja, na ananifumia sweta. Alianzia shingoni, kama kawaida yake, akashuka mpaka karibu na viganja. Hapo akasimama. Nilimtajia urefu wa mkono wangu kwa sentimita.

"Mkono haupimwi kwa simu," alisema. "Nilikubeba, najua ulivyokuwa. Ulivyo sasa sijui. Njoo nikupime."

"Nakuja, dada. Niko njiani."

Nilimjibu hivyo mwaka ule, na mwaka uliofuata, na miaka mingine baada yake.

Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na tumbo. Januari alipelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, ikagundulika ni saratani, nayo ilikuwa imesambaa. Alirudi nyumbani. Januari hiyo hiyo, akiwa amekalishwa kwa mito, aliwaongezea mikono watoto kumi na tisa. Mwezi Juni vidole vilikataa. Binti yake Recho alimwomba ruhusa alimalizie lile la kijani. Akakataa: "Mwenye mkono hajafika." Akaagiza sweta likae juu ya kiti, vitanzi vikiwa kwenye sindano, mahali anapoliona. Jumapili ya mwisho alinipigia. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Umefika wapi?"

Safari hiyo nilikuwa njiani kweli. Marehemu alifariki hapa nyumbani Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mimi niliingia uani Ijumaa.

Jana jioni Recho aliniletea lile sweta.

"Mjomba, nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Lilinienea mabega na kifua. Mikono iliishia vidole vinne kabla ya kiganja. Shemeji Kazimili aliutazama mkono, akasema, "Alikuwa anamfumia yule kijana aliyeondoka Rulenge. Ongeza, mwanangu." Recho akaongeza mkono wa kulia, akaufunga. Uzi ni ule ule, lakini Recho hukaza zaidi ya mama yake, na mahali ambapo kazi ya mama iliishia panaonekana. Nilimwomba asiparekebishe.

Marehemu ameacha mume, mzee Kazimili Mashimba, watoto wake Genoveva, William na Recho, wajukuu saba, mdogo wake mmoja, na, kwenye kihenge, mifuko ya madonge ya uzi, kila donge likiwa na jina la mtoto. Recho ameniomba niwatangazie wazazi: Januari waleteni watoto kama kawaida.

Mkono wa kushoto bado uko kwenye sindano. Recho ataufuma matanga yakiendelea, na hakubali kunipima mara moja tu. Nimemwambia sina safari.

Dada, ulinibeba ukanivusha. Leo ni wewe unayeondoka, na mimi niliyezoea kuaga ndiye ninayebaki uani kwako. Nimefika. Mungu akupokee, na mikono yako ipumzike kwa amani.