Mshipa Umelala, Kigingi Kimesimama

Tegeni masikio, wanangu, na mniwie radhi mapema, kwa sababu wosia huu nitauharibu: pumzi yangu fupi, maneno yangu marefu, na mama yenu hapo miguuni pa kitanda ameshaanza kunisahihisha kabla sijasema lolote. Wazee wengine huaga kwa maneno ya kuchongwa ukutani. Mimi mtanivumilia pamoja na kikohozi changu.

Ya nyumba hayana mjadala. Nyumba ni ya mama yenu mpaka aiache mwenyewe, na msimharakishe. Sururu, tindo na nyundo ni zenu wote wawili, mwenye kazi ndiye mwenye kushika. Kilichobaki ni kilima, na kilima ndicho kilichowafanya mpishane mlangoni bila salamu tangu mvua zilipokatika.

Wewe mwanangu mkubwa ulichagua upande wa juu, kwa kuwa huko mwamba umechungulia nje, una kutu nyekundu na chembe nyeupe, na kila mpita njia aliona kuwa pana mali. Dada yako akachukua upande wa chini, mawe ya chokaa matupu na mbuzi wawili, wala hakununa. Kisha akachimba shimo la choo. Mtu anatafuta choo, anakutana na jiwe la risasi, ile risasi ya kwenye betri za magari: zito kama kichwa cha mlevi, linameta kijivu, ukiligonga linavunjika vipande vya pembe nne kana kwamba fundi kavikata kwa msumeno! Nawe ukaja mbio, ukapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mwizi! Umeuvuta mshipa wangu wa madini!" Naye akakujibu, "Nimeuvuta kwa kamba gani, kaka? Shimo si hilo liko wazi, ingia uuchukue!" Tangu hapo kila mmoja anachimba kwake, kwa hasira, na hasira haijawahi kuegemeza dari.

Mnagombania kitu msichojua tabia yake. Zamani, kabla ya mababu wa mababu zetu, maji ya moto yenye chumvi yalipanda kutoka chini sana, yamebeba risasi kama mpagazi na gunia lake, yakapenya kwenye ufa wa mwamba wa chokaa. Yalipofika penye baridi yakachoka, yakatua mzigo: risasi hapa, zinki ya kahawia pale, fedha kiduchu ndani yake, na mawe meupe yakaziba nafasi zilizobaki. Mzigo ule ukagandia ufani, nao ndio mshipa. Lakini ufa haukusimama wima kama askari wa gwaride. Umelala. Unaanzia juu kwa kaka, unainama, unapita chini ya ardhi ya dada, na huo mpaka wenu wa juu haujui hata kwa kuusikia.

Sasa mnaona? Wewe binti yangu unapochimba unamla kaka yako sakafu. Wewe kaka unapoteremka unamkalia dada yako darini. Siku moja mtakutana humo bila hodi, na sisi huku nje tutasikia mshindo mmoja tu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hawakusema chukua sururu ukachimbe.

Kwa hiyo naagiza. Kigingi cha mpaka king'oeni, kilima kiwe kimoja. Ingieni kwa chini, upande wa dada, maana ukiingia kwa chini maji yanatoka yenyewe na mzigo unateremka bila kukuvunja mgongo. Kaka asimamie magogo ya kuegemeza dari, yeye ndiye fundi wa mbao. Dada achambue mawe, jicho lake halidanganywi na zinki. Nguzo za mwamba zinazoshikilia dari ziacheni, hata zimete vipi: mwenye kula nguzo, nguzo itamla. Na vumbi lile ni sumu. Msiingie nalo jikoni, wala msimpakate mtoto kabla ya kuoga na kubadili nguo. Haliumi siku hiyo hiyo. Linangoja, linamla mtoto akili polepole.

Ngojeni... Mama, nipe maji kidogo. Mama yenu anasema nimesema mengi. Ndoa nzima anasema hivyo, leo ndiyo mara ya kwanza nakubali.

Shikaneni mikono. Si hivyo, mwanangu, dada yako si kaa la moto. Eeh, hapo. Semeni nisikie: tumekubali... Kaka, umeimeza sauti. Rudia... Haya. Imenifika.

Mungu awape mwamba usioporomoka, na mikono inayotafutana gizani, na watoto wenye akili kuliko... kuliko sisi wote humu chumbani.

Nizikeni pale kigingi kilipo, niujaze mwanya wake. Pale ni mwamba mtupu. Wachimba kaburi watatoka jasho, watatukana... watauliza ni mjinga gani kachagua mahali pagumu hivi. Msinitetee. Waambieni... ni yule mzee aliyechimba mishipa maisha yake yote, akijua fika kwamba imelala... halafu akawagawia wanawe kilima kwa kigingi kilichosimama wima.