Mzee Marcel wa Mbuba, Mtu Asiyekuwa na Tawi

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wenzangu, mambo? Wasikilizaji wapendwa wa Ngara, wasikilizaji wapendwa wa Biharamulo, hebu punguzeni kelele kidogo hapo mlipo. Nina habari, natembea nayo tangu Jumatatu. Mimi ni Teddy wenu. Mmezoea kunisikia nacheka. Leo nitacheka kidogo tu, na mahali pengine nitashindwa.

Leo tunamkumbuka Mzee Marcel Ndikuriyo. Mzee Marcel Ndikuriyo wa Mbuba. Amefariki akiwa na miaka sitini na moja, kwa presha, akiwa shambani kwake anapalilia kahawa. Amezikwa Alhamisi iliyopita. Wengi mnamjua kama mzee wa kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea mpira, cha mabati, chenye televisheni moja kubwa na sola juu. Wengine mnamjua kwa koti lake la mvua la kijani. Wengine kwa baiskeli yake nyekundu. Hivyo vitu viwili, koti na baiskeli, vishikeni, nitavirudia sasa hivi.

Ila kitu kikubwa kuhusu Mzee Marcel ni hiki. Hakuwa na timu. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Mzee Marcel Ndikuriyo, mwenye kibanda cha mpira, hakuwa na timu.

Najua mnasema haiwezekani. Hapa kwetu mtoto anazaliwa na timu kabla ya jina. Ni nyekundu au ni kijani. Timu zenyewe mnazijua, sizitaji, mhariri wangu ananitazama hapa kwenye kioo. Kibandani kwa Mzee Marcel upande wa kushoto walikaa watu wa nyekundu, upande wa kulia watu wa kijani. Siku wanapokutana wenyewe kwa wenyewe, watu walikuwa wananing'inia madirishani. Mzee alisimama katikati na rimoti yake, anasema, "Jamani, benchi ni za mbao, si za chuma. Rukeni kwa adabu."

Wakimuuliza, "Mzee, wewe timu gani?" anajibu, "Mimi Tanzania."

Basi, kicheko.

Lakini zamani alikuwa na timu, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa shabiki kabisa. Kilichombadilisha ni safari. Miaka kumi na minne iliyopita aliuza mbuzi wawili, akapanda basi kwenda Dar kuangalia Taifa Stars uwanjani, kwa macho yake. Siku mbili barabarani! Mnaijua hiyo barabara, miguu inavimba mpaka kiatu hakiingii. Akafika, akaingia, akakaa. Mchezaji mmoja wa Stars akakosa goli la wazi. Uwanja ukamzomea. Akapewa mpira tena, wakamzomea kabla hata hajaugusa. Mzee akamuuliza jirani yake, "Kwani huyu kafanya nini?" Jirani akamwambia, "Huyu si wetu, huyu ni wa wale." Na wale waliokuwa wanazomea, mzee akaangalia, ni watu wa timu yake yeye.

Binti yake anaitwa Esperansia, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Biharamulo. Aliniambia hivi: "Baba alirudi, akavua viatu, akakaa. Mama akamuuliza, vipi, mmeshinda? Akasema, sijui. Nimetoka Ngara siku mbili kwenda kuona Watanzania wanamzomea Mtanzania. Jezi yake ya timu akampa mama apigie deki. Hajarudi tena."

Hajarudi tena. Kuanzia hapo yeye ni Stars tu.

Sasa mnajua wenyewe ile wiki ligi inaposimama kupisha timu za taifa. Vijana wananuna. "Wiki inaboa hii." "Wanatuchukulia wachezaji wetu, watarudi na magoti mabovu." Nami nimeshayasema hayo, hapahapa kwenye maikrofoni hii, msinitazame vibaya. Wiki hiyo Mzee Marcel alikuwa anafagia kibanda mara mbili. Anapangusa kioo cha televisheni. Anaandika kwa chaki kwenye ubao nje: LEO STARS. BURE. Bure, wasikilizaji wapendwa. Na hakuna aliyekuja. Labda wawili, wanachungulia, wanauliza, "Mchezaji wetu kaanza?" Wakisikia yuko benchi, wanaondoka.

Mke wake ni Mama Adventina. Nilikaa naye Jumatatu, nimekunja miguu kwenye mkeka, ananihadithia huku anachambua maharage. Akasema, "Siku moja nilikuwa hapahapa na maharage hivihivi. Nasikia wimbo wa taifa unapigwa kule kibandani. Nikaenda kuchungulia. Namwona kasimama peke yake. Kofia kaishika kifuani. Anaimba. Mabenchi yote matupu. Nikarudi jikoni haraka. Niliona aibu, mwanangu, kama vile nimemkuta anaoga."

Nikamuuliza, "Mama, hukuingia?"

Akasema, "Mlango ulikuwa wazi. Sikuingia. Siku zile zote, sikuingia."

Mara moja tu kibanda kilijaa siku ya Stars. Mara moja! Ilikuwa Stars na Burundi. Mzee akafurahi, akaazima mabenchi kanisani. Kumbe watu hawakuja kuangalia mpira. Walikuja kumwangalia yeye. Jina lake Ndikuriyo, babu yake alivuka kutoka upande wa pili, basi wakataka waone atashangilia nani. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, leo unacheza na babu yako!" Watu wakacheka. Stars ikafunga, mzee akaruka juu, akapiga makofi. Nyuma kule mtu akasema, "Anaigiza huyo." Mzee alisikia. Akakaa chini taratibu. Kesho yake akarudisha mabenchi kanisani, moja moja, kichwani.

Sasa sikilizeni, nafika kwenye yenyewe.

Kule kitongojini kwao, tawi la mpira si la kushangilia tu. Ukiwa mwanachama wa tawi, ukifa, tawi lako ndilo linachimba kaburi. Tawi lako linabeba jeneza, linaleta kuni na maji. Tawi la pili linakuja nyuma, kwa heshima, linatia udongo mwishoni. Ukijitia kimbelembele kuchimba kaburi la mtu wa tawi lingine, ni matusi. Ni kama umewaambia wenzako wameshindwa kumzika mtu wao. Utaratibu huo wamekaa nao miaka na haujawahi kuleta shida, kwa sababu kila mtu kule ana tawi.

Kila mtu, ila mmoja.

Mama Adventina aliliona hilo mapema. Alimsihi. "Baba Esperansia, jiandikishe. Lolote. Hata usishangilie. Utazikwa na nani?" Mzee akamjibu, "Nitazikwa na Watanzania, kwani hapa ni wapi?"

Alhamisi ikafika. Misa ya maziko ni saa sita. Saa tatu asubuhi katekista, Bwana Danstan, anafika na kitabu chake, anauliza, "Kaburi liko upande gani?" Familia wanatazamana. Kaburi halijachimbwa. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Saa tatu asubuhi, siku ya maziko, kaburi la Mzee Marcel halijachimbwa.

Na watu walikuwepo! Msidhani hawakuja. Kwa juu, kwenye duka la Bulugu, wamesimama watu wa tawi la nyekundu, kama arobaini, na jezi zao. Kwa chini, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, wamesimama watu wa tawi la kijani, nao wengi vilevile, na bendera yao imefungwa vizuri. Majembe wanayo. Wamekuja kwa heshima. Wote wamekuja kutia udongo mwishoni.

Kwa sababu wale wa nyekundu walijua kabisa mzee ni wa kijani. Si mnaona koti lake? Na wale wa kijani walijua kabisa mzee ni wa nyekundu. Si mnaona baiskeli yake? Lile neno lake la Mimi Tanzania waliliona ni ujanja wa biashara, asipoteze wateja. Hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba alikuwa anasema kweli.

Saa tatu. Saa nne. Saa tano kasoro. Nyekundu juu, kijani chini, katikati nyumba ya msiba, na hakuna anayesogea. Kila upande unanong'ona, "Hawa wenzetu hawana aibu, mtu wao analala juu ya ardhi."

Ndipo Esperansia akachukua jembe. Mtoto wa kike! Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Akajifunga kanga, akaenda migombani, akaanza. Mama yake analia, "Acha, mwanangu, acha." Yeye anachimba.

Alfonce, katibu wa tawi la kijani, alipomwona ikamshinda. Akapanda mbiombio hadi dukani, akamvaa Leonidas, katibu wa nyekundu.

"Leonidas! Ninyi ni watu gani? Mzee wenu anachimbiwa na binti yake na ninyi mnakunywa soda?"

"Mzee wetu? Alfonce, umelewa asubuhi? Huyo si wenu?"

"Wetu tangu lini?"

"Na lile koti?"

"Koti? Koti alinunua mnadani! Na baiskeli je?"

"Baiskeli ni ya padri yule aliyehama, alimwachia!"

Leonidas mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Anasema, "Teddy, tulitazamana. Nikafungua daftari letu, jina hakuna. Mwenzangu akafungua lake, jina hakuna."

Walishuka wote, wasikilizaji wapendwa. Walimnyang'anya Esperansia jembe kwa upole, wakachimba pamoja, nyekundu na kijani, kwa kupokezana. Mnataka nimalizie hapo, eh? Mimi pia nilitaka. Nikamwambia Esperansia, "Dada, hapo si wakaungana?"

Akanitazama. Akasema, "Waliungana kuchimba. Nilikuwa nimekaa pembeni na mikono imetoka malengelenge, nawasikia. Walikuwa wanabishana ile penalti ya Jumapili. Kwamba ilikuwa halali au si halali. Wako ndani ya kaburi la baba, wanabishana penalti. Hakuna aliyemtaja."

Padri alikuwa ameshaondoka, alikuwa na maziko mengine Murukulazo. Mvua ikaanza. Katekista akasoma sala kwa ufupi. Kwenye jeneza kila tawi likataka kuweka bendera yake, sasa kwa kujuta, mnaelewa. Mama Adventina akasema hapana. Zote mbili, hapana. Mzee Marcel Ndikuriyo akazikwa saa kumi jioni, jeneza halina bendera juu, na udongo mbichi.

Wasikilizaji wapendwa, sina la kuwafundisha. Nina timu yangu, mnaijua, na Jumapili nitapiga kelele kama kawaida. Nawaomba kitu kimoja tu mfikirie huko mlipo, ukiwa unapika, ukiwa unasubiri wateja. Je, yupo mtu karibu yako aliyekwambia neno moja, akalirudia miaka kumi na minne, na wewe ukadhani anatania? Ni nani huyo? Yuko wapi leo?

Mama Adventina, pole sana mama yangu. Dada Esperansia, pole, na Mungu akuponye hiyo mikono. Familia yote ya Ndikuriyo pale Mbuba, na ndugu walioko Nyamiaga na Biharamulo, redio yetu inalia nanyi. Mungu ampumzishe Mzee Marcel.

Na kuna hili la mwisho. Hawakunituma kulisema, nalisema mwenyewe. Jumamosi hii Stars wanacheza, saa kumi jioni. Nilipokuwa naaga, Mama Adventina aliniuliza, "Ile televisheni inawashwaje, mwanangu? Yeye ndiye aliyekuwa anaiwasha." Nikamwonyesha kitufe. Akakibonyeza, akazima, akawasha tena. Akasema Jumamosi atafungua kibanda, atakaa. Mpira haujui. Hajui hata wanacheza wangapi. Atakaa tu.

Mimi nimeshaongea na bodaboda, atanipeleka. Sijui nani mwingine atakuja. Asipokuja mtu, tutakuwa wawili.